Vitabu vinaondolewa rafuni kimya kimya: kijana wa Arusha na Moshi asome nini, na nani anaamua?

Madam wa Maktaba

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwenye sekondari moja ya binafsi hapa Arusha. Pamoja na vipindi vyangu nimekabidhiwa maktaba ya shule. Jambo lililotokea kwetu muhula uliopita limenikaa rohoni, na kwa ninayoyasikia kwa walimu wenzangu wa Moshi na Usa River, si la shule yetu peke yake.

Mzazi alimkuta binti yake wa kidato cha pili na riwaya aliyoiazima kwetu. Akafungua ukurasa mmoja, akakuta msichana wa kwenye hadithi amevunja ungo na anamweleza rafiki yake habari za mvulana anayempenda. Akaupiga picha ukurasa ule na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kesho yake asubuhi mkuu wa shule akaniagiza nikitoe kitabu hicho "na vingine vya aina hiyo". Nikamuuliza, aina ipi? Nikaambiwa nitumie busara. Kabla wiki haijaisha maboksi yalikuwa stoo: riwaya, vitabu vya afya ya uzazi ambavyo klabu ya wasichana ilikuwa ikivitumia, hata kitabu cha picha cha mwili wa binadamu ambacho mwalimu wa Baiolojia alikuwa akikiazima kila mwaka.

Katika wote waliolalamika, sikumpata hata mmoja aliyekisoma kitabu chenyewe hadi mwisho. Hapakuwa na barua wala kikao, na hakuna muhtasari wowote ulioandikwa. Ukifungua rejista ya maktaba leo, vitabu hivyo bado vimeandikwa kuwa vipo. Na yule binti hajaazima kitabu tena tangu siku hiyo.

Mtakumbuka Februari 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipopiga marufuku vitabu 16 visitumike mashuleni, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney. Sababu iliyotolewa ni kwamba vinakwenda kinyume na maadili, mila na desturi zetu. Sikuukubali uamuzi ule wote. Kuweka vichekesho vya mtoto mtundu wa shule kwenye orodha moja na vitabu vya elimu ya ngono ni kuchanganya mambo yasiyochanganyika. Lakini angalau pale orodha ilitangazwa. Tulijua ni vitabu vipi, tulijua nani ameamua, na anayepinga alijua ampinge nani. Haya yanayotokea kwenye maktaba zetu hayana orodha, hayana mwenyewe, na hakuna mahali pa kukata rufaa.

Sisemi kila kitabu kiwekwe mbele ya kila mtoto. Ninachosema ni kwamba anayetaka kitabu kiondolewe maktaba akisome kwanza, aandike sababu zake, awekewe watu wa kumsikiliza, na kijana anayekisoma naye aulizwe. Mpaka hapo, kitabu kibaki rafuni.

Karibuni tujadili. Hasa wazazi.

---

Baba Doreen

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa nakupinga, tena waziwazi.

Mimi nalipa ada. Mwanangu yuko bweni, simwoni mpaka likizo. Nimemkabidhi kwenu kwa kuamini kwamba mtamlea kama ninavyomlea mimi hapa nyumbani. Ile picha iliyozunguka kwenye makundi niliiona. Huenda kwako wewe mwalimu ni kawaida. Kwangu mimi, mtoto wa miaka kumi na nne hajafika kwenye mazungumzo hayo, na akifika, mama yake yupo, shangazi yake yupo. Kazi hiyo hatujaiacha mpaka ifanywe na kitabu kilichoandikwa na mtu asiyejua hata Kilimanjaro iko wapi.

Tena vitabu vingi kwenye shule zetu za Kiingereza ni vya msaada. Vinakuja kwa maboksi kutoka nje, hakuna aliyevichagua, vinapangwa tu rafuni. Mzazi akivikagua anaonekana adui wa elimu. Serikali yenyewe ilituambia tukague mabegi ya watoto. Nakagua, na nitaendelea kukagua.

---

Madam wa Maktaba

Baba Doreen, asante kwa kusema wazi. Kwenye vitabu vya msaada uko sahihi kabisa. Kitabu hakipaswi kuingia rafuni kwa sababu tu kimekuja bure. Mimi mwenyewe navipitia kabla ya kuvigonga mhuri, na vingine havivuki meza yangu: vimechakaa, vina takwimu za zamani mno, au ni vya darasa la chini kuliko watoto wetu. Huko ni kuchagua, na kuchagua ndiyo kazi ya mkutubi. Ninachokipinga ni kitabu kilichochaguliwa, kikagongwa mhuri na kusomwa na watoto, kutolewa kwa sababu mtu mmoja ameogopa ukurasa mmoja.

Na haki yako kwa Doreen siigusi. Ukiniandikia kwamba binti yako asiazime riwaya fulani, nitaandika kwenye kadi yake na nitaheshimu. Swali langu ni hili: je, haki hiyo inafika mpaka kwa binti wa jirani, ambaye mama yake anataka akisome?

---

Kijana wa Pasua

Shikamoo madam. Shikamooni wote.

Nilimaliza kidato cha nne Moshi, shule ya kata. Maktaba yetu ilikuwa kabati moja ofisini kwa mwalimu, na funguo alikuwa nazo yeye. Riwaya nilizozisoma nilizipata kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba barabarani mjini, na nyingine maktaba ya mkoa, nikitoka shule nakaa pale mpaka wanafunga.

Baba Doreen, naomba nikuambie jambo kwa heshima. Umesema mama yupo na shangazi yupo. Kwetu mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda sokoni Kiboriloni, anarudi usiku amechoka. Baba ni mtu mzuri lakini kuna mambo hayasemi. Mwili wangu ulipoanza kubadilika, walionifundisha ni wavulana wakubwa wa mtaani, na nusu ya waliyoniambia yalikuwa uongo. Kilichonitoa kwenye ule uongo ni kitabu cha afya nilichokikuta maktaba, kwa Kiswahili, kikieleza mambo kwa utulivu. Hakuna mtu aliyekuwa ananiangalia nikisoma. Nilikisoma nikakirudisha pale pale.

Kingelikuwa kimefungiwa, ningebaki na ya mtaani.

---

Mama Glory

Huyu mwanangu amesema kitu kizito. Mimi ni mzazi, niko Sakina, na nasema bila kuficha: kuna mambo nilishindwa kumwambia binti yangu. Mdomo ulikuwa unakauka. Mimi sikuambiwa na mama yangu, yeye hakuambiwa na bibi. Zamani watoto walikuwa na unyago na jando, kulikuwa na watu maalumu wa kazi hiyo. Siku hizi tumeviacha, hatukuweka kitu mahali pake, halafu tunataka na kitabu tukiondoe.

---

Msomi wa Same

Nimeusoma uzi huu mpaka hapa na nataka kuleta historia kidogo, maana tunajadili kana kwamba jambo hili limeanza juzi.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, aliyoiandika akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Ilizuiwa mashuleni. Walisema inachafua vijana. Baadaye riwaya hiyo hiyo ikakubaliwa, ikafundishwa sekondari, ikatungiwa maswali ya mtihani. Walioisoma wakiwa shule hawakuwa kizazi kilichopotoka. Wengi ni walimu, mapadri na wazazi wa leo.

Lakini tazameni riwaya yenyewe inasema nini. Rosa ana baba mkali, Zakaria, anayemlinda kwa fimbo. Akiandikiwa barua na mvulana, anapigwa. Hafundishwi chochote, anazuiwa tu. Siku anapotoka mikononi mwa baba kwenda masomoni, anaingia duniani bila silaha yoyote, na dunia inammaliza. Kezilahabi alikuwa anatuonya kuhusu malezi ya kufungia. Wale waliokizuia kitabu walimfanyia Kezilahabi kile kile Zakaria alichomfanyia Rosa.

Na kuna hili la kidato cha tatu na nne. Vizazi na vizazi vya wanafunzi wa nchi hii wamefundishwa tamthilia ya Kilio Chetu. Inahusu nini? Watoto wanaoangamia kwa mimba na UKIMWI kwa sababu wazazi wamekataa kuzungumza nao. Mzazi mmoja anataka watoto waelezwe ukweli, mwingine anapinga. Tumemfanya mtoto aandike insha nzima kueleza kwamba ukimya wa wazazi ndio ulioleta msiba, tukampa alama kwa insha hiyo. Halafu anakwenda maktaba anakuta rafu ya afya ya uzazi imehamishiwa stoo. Anatuelewaje?

---

Mwalimu wa Zamu

Naomba niwatetee walimu wakuu kidogo, maana wanaonekana wabaya.

Mkuu wa shule anaamka asubuhi anakuta simu kutoka kwa mzazi, kutoka kwa mwenye shule, na huenda kutoka kwa afisa elimu. Wathibiti ubora wakija na kukuta kitabu ambacho mtu amekilalamikia, anayeulizwa ni yeye. Tangu lile tangazo la 2023 waziri alisema wazi kwamba shule zitakaguliwa na wakaidi watachukuliwa hatua. Mwalimu mkuu hana wakili. Kazi yake iko mkononi mwa watu. Kwa hiyo anaondoa kitabu kilichokatazwa, anaondoa na kinachofanana nacho, na anaondoa na kile ambacho labda kesho kitakatazwa. Si kwamba anachukia vitabu. Anaogopa, basi.

Mimi nimeona mwalimu akificha riwaya ya Kiswahili yenye picha ya mwanamke kwenye jalada. Jalada tu. Ndani ni hadithi ya mjane na shamba lake.

---

Madam wa Maktaba

Mwalimu wa Zamu, umegusa pale ninapoumia. Marufuku ya vitabu 16 inakuwa marufuku ya vitabu mia kwa sababu ya hofu ya watu wazuri. Na hofu haiandiki orodha.

Ndiyo maana nataka utaratibu. Utaratibu unamlinda mwanafunzi, lakini unamlinda na mkuu wa shule. Akipigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi, awe na la kujibu: "Mzee, nimekusikia. Jaza fomu, kamati itakaa, utajibiwa kwa maandishi." Leo hana jibu, kwa hiyo anajibu kwa kubeba boksi.

Kuna jambo jingine tunalichanganya sana, la kiada na ziada. Kitabu cha kiada ni lazima. Mtoto hana hiari, kila mmoja anafundishwa hicho, kwa hiyo ni haki Wizara na Taasisi ya Elimu wakikague neno kwa neno. Kitabu cha ziada, yaani hiki cha maktaba, hakuna anayelazimishwa kukisoma. Kipo pale, anayekitaka anakichukua, asiyekitaka anapita. Ukiingiza ukali wa kiada kwenye rafu ya maktaba, maktaba haipo tena, una darasa jingine tu lenye viti virefu.

---

Wakili wa Sekei

Habari wakuu. Nichangie upande wa sheria kwa ufupi, maana nimeona watu wanasema "haki" bila kuonyesha iko wapi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Haisemi kila mtu mzima. Ibara ya 30 inaruhusu mipaka kwa maslahi ya umma, maadili yakiwemo, lakini mipaka hiyo iwekwe na sheria. Ukurasa uliopigwa picha kwenye WhatsApp si sheria.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, una kifungu cha 13 kinachomhusu mtoto mwenyewe: anayo haki ya kutafuta na kupokea habari na mawazo ya kila aina. Kifungu cha 17 kinazitaka nchi zihimize utungaji na usambazaji wa vitabu vya watoto. Lakini Baba Doreen naye ana pake: kifungu hicho hicho kinataka iwepo miongozo ya kumlinda mtoto na maandishi yenye madhara kwake, na kifungu cha 5 kinamtambua mzazi kuwa mwongozaji, kwa kadiri uwezo wa mtoto unavyokua. Hayo maneno ya mwisho yasisahauliwe. Mtoto wa miaka saba na kijana wa miaka kumi na saba si mtu mmoja mbele ya mkataba huo.

Sasa la mji wetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha. Tarehe 5 Desemba 2014 ilitoa hukumu ya Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso, mwandishi wa habari aliyefungwa kwa makala zake, na ikasema kifungo hicho kilivunja Ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika, ile ya haki ya kupokea habari na kutoa maoni. Ilipima mambo matatu: je, kizuizi kimewekwa na sheria? Kina lengo halali? Ni cha lazima na kinalingana na lengo lenyewe? Chukueni maswali hayo matatu myaweke kwenye yale maboksi ya Madam. La kwanza tu linayaangusha.

Niongeze kwa wanaofikiria kwenda huko: Tanzania iliondoa lile tamko lililomruhusu mwananchi mmoja mmoja kufungua kesi moja kwa moja mahakamani hapo. Ililiondoa Novemba 2019 na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Kwa hiyo jambo hili mlitafutie suluhu kwenye bodi ya shule kwanza, huko ndiko kuliko karibu.

---

Baba Doreen

Wakili, nimekuelewa, na nashukuru umenipa pangu. Lakini hayo mambo ya uhuru wa kusoma si ndiyo ya Marekani? Huko ndiko yalikoanzia, na tunaona watoto wao walivyo.

---

Wakili wa Sekei

Kaka, Marekani wenyewe wanagombana kuhusu jambo hili kuliko sisi. Chama chao cha wakutubi kilitoa tamko la haki za maktaba mwaka 1939, na mpaka leo bodi za shule zinaondoa vitabu kila mwaka. Mwaka 1982 Mahakama yao ya Juu iliamua kesi ya wanafunzi wa Island Trees, jimbo la New York, walioishtaki bodi ya shule yao kwa kuondoa vitabu maktaba. Majaji waligawanyika, lakini waliokuwa na uzito walisema bodi haiwezi kuondoa kitabu kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Walisema pia bodi ina uhuru mpana zaidi darasani kuliko maktaba. Ni lile lile la kiada na ziada alilolisema Madam. Mmoja wa walioshtaki, Steven Pico, alikuwa kijana wa sekondari.

Mwaka 2022 maktaba ya umma ya Brooklyn ikaanza kuwapa vijana wa miaka 13 hadi 21, popote walipo nchini mwao, kadi ya kuazima vitabu kwa njia ya intaneti, kwa sababu huko kwao viliondolewa. Kwa hiyo usidhani kuna nchi iliyomaliza mjadala huu.

---

Msomi wa Same

Baba Doreen, hata tukiiacha Marekani kabisa, jambo hili ni letu.

Shaaban Robert aliitoa Kusadikika mwaka 1951, mkoloni akiwa bado amekaa. Ndani yake mhusika Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Tumeisoma shuleni, na hakuna aliyetufungia.

Na Mwalimu Nyerere. Mwaka 1963, akiwa rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Hebu fikirini tamthilia ile inahusu nini: mtawala anauawa na watu wake wa karibu, na wauaji wanapewa nafasi ya kueleza kwa nini walimuua. Rais wa nchi changa, mwaka mmoja tu tangu tuwe Jamhuri, anawapa wananchi wake kitabu hicho kwa Kiswahili kizuri. Aliamini kwamba Mtanzania anaweza kusoma habari ya uasi bila kuwa muasi. Mwaka huo huo wa 1963 ndipo sheria ya kuanzisha bodi ya maktaba ilipotungwa, na tarehe 9 Desemba 1967 akaifungua yeye mwenyewe Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, sikukuu ya Uhuru.

---

Mama Glory

Na tuseme ukweli kuhusu umri. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Ilibidi Mahakama Kuu mwaka 2016, halafu Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziseme kifungu hicho kinavunja Katiba. Tumewahi kumwona binti wa miaka 15 kuwa mkubwa wa kutosha kupelekwa kwa mume. Huyo huyo tunasema ni mdogo mno kusoma riwaya yenye msichana anayependa.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Zaidi ya mmoja katika kila watano. Hao hawakupewa mimba na kitabu.

Na simu je? Binti yangu ana simu ya shangazi yake likizo nzima. Yaliyomo mle hayana mkutubi wa kuyapitia, hayana mhuri, hayana mwisho wa hadithi unaomwonyesha matokeo. Kitabu angalau kina mwandishi aliyefikiri.

---

Kijana wa Pasua

Mama Glory, asante sana mama. Naongeza moja tu. Wakubwa mnafikiri tukisoma jambo tunakwenda kulifanya. Mimi nilisoma riwaya moja kuhusu kijana wa umri wangu aliyeingia kwenye dawa za kulevya. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa ameanza. Kile kitabu ndicho kilichonipa maneno ya kuzungumza naye. Bila kile nilikuwa namwangalia tu.

Na mwanafunzi akijua kwamba kila anachoazima kinaweza kuishia kwenye kundi la wazazi, haazimi. Madam alisema yule binti ameacha. Nawaambia si yeye peke yake. Darasa zima limeelewa.

---

Baba Doreen

Nimesoma yote. Bado sijabadilika kwamba mimi ndiye mzazi. Lakini hili la mwisho la kijana limenigusa, kwa sababu Doreen alikuwa anasoma sana, na likizo hii sijamwona na kitabu. Nilidhani ni simu.

Madam, huo utaratibu unaousema ukoje hasa? Usiniambie maneno ya jumla. Niambie mimi nikiwa na kitabu sikitaki, nafanya nini Jumatatu asubuhi.

---

Madam wa Maktaba

Asante Baba Doreen. Nitakuandikia kama nilivyoiandika kwa ajili ya bodi.

Jumatatu unakuja ofisini kwangu, nakupa fomu ya ukurasa mmoja. Jina la kitabu, mwandishi, na swali la kwanza ni: umekisoma chote? Kama hapana, nakuazima wewe mwenyewe, wiki mbili. Usipokisoma, malalamiko hayaendelei. Hilo silegezi.

Ukishakisoma, unaandika kurasa zipi zinakusumbua, kwa nini, na unapendekeza nini. Kuondoa si pendekezo pekee. Unaweza kutaka kihamishiwe rafu ya kidato cha tatu hadi cha sita, na hilo mara nyingi mimi nitakuunga mkono, kwa sababu mtoto aliyeingia kidato cha kwanza juzi na kijana wa kidato cha sita hawahitaji rafu moja. Unaweza kutaka mwanao tu asikiazime, na hilo halihitaji hata kamati, tunamalizana siku hiyo hiyo.

Kamati: mimi, mwalimu mwingine wa fasihi, mwalimu wa malezi, wazazi wawili ambao si wewe, na wanafunzi wawili waliochaguliwa na wenzao, mmoja msichana. Kuhusu wanafunzi najua kutakuwa na kelele. Sitawatoa. Kitabu kinachojadiliwa ni chao, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu.

Kila mjumbe anakisoma kitabu. Wakati wote huo kinabaki rafuni. Uamuzi unaandikwa pamoja na sababu, nakala inabandikwa maktaba na nyingine unapewa wewe. Usiporidhika unakwenda bodi ya shule. Kitabu kikiondolewa, kinafutwa kwenye rejista kwa tarehe na sahihi, ili hata baada ya miaka kumi mtu ajue kilikuwepo na kwa nini hakipo.

Jina la mwanafunzi aliyekiazima halitajwi popote kwenye fomu. Daftari la kuazima linakaa kwenye droo yenye ufunguo, na halionyeshwi mzazi wa mtoto mwingine.

Vitabu vilivyopigwa marufuku na Wizara havimo kwenye utaratibu huu. Hivyo tunafuata agizo, na anayepinga ampelekee Waziri. Huu ni kwa ajili ya vile ambavyo hakuna aliyeviandika popote.

---

Mwalimu wa Zamu

Madam, naomba unitumie hiyo fomu inbox. Mkuu wetu ataifurahia kuliko unavyofikiri. Ila kwenye kamati muongezeeni kiongozi wa dini mmoja, mapema, asije akaalikwa baadaye na upande mmoja.

---

Madam wa Maktaba

Hapana mwalimu, hapo tutofautiane. Shule yetu ina Walutheri, Wakatoliki, Wasabato na Waislamu. Nikimweka mmoja nimewaacha watatu, na nikiwaweka wote kamati inakuwa ya dini. Kiongozi wa dini ambaye ni mzazi aje kama mzazi. Fomu nakutumia usiku huu.

---

Baba Doreen

Nakubali fomu. Wanafunzi kwenye kamati bado sijakubali, hilo nitalisema kwenye kikao cha wazazi Jumamosi, na utanijibu mbele ya watu.

Na ile riwaya ya mwanzo, iliyoleta yote haya. Iko wapi sasa? Nataka kuisoma.

---

Madam wa Maktaba

Iko stoo, boksi la pili. Jumamosi nitakuja nayo kikaoni. Sahihi yako kwenye daftari la kuazima, kisha unaichukua.